Mwili wa mkopo: nimeirudia Ghost in the Shell baada ya miaka mingi

Mara ya kwanza naiona hii movi niliambulia kofi la mgongo. Ilikua 2006, niko kidato cha tatu, likizo ya mwezi wa sita, tunakaa Kiwalani, Dar, kwa mama mdogo. Jamaa mmoja mtaani alikua na kibanda cha kukodisha CD, akanipa DVD moja ya zile zinazobanwa movi nane kwenye sahani moja, akaniambia chukua tu hiyo katuni ya Kijapani mdogo wangu, hamna anayeikodi. Nikaiweka kwenye deki, wadogo zangu wawili wako chini kwenye mkeka wanasubiri katuni kama katuni. Sasa wewe kama umeiona unajua inavyoanza: mwanamke yuko juu ya ghorofa usiku, anavua koti, hana kitu mwilini, anajiachia anaanguka mpaka chini. Na hapo hapo ndo mama mdogo anaingia na ungo wa mchele. "We! Ndo katuni gani unawaonyesha watoto hiyo?" Kofi. Deki ikazimwa, mimi nikapewa mchele nichambue.

Niliimalizia usiku wamelala, sauti nimeishusha mpaka sifuri karibu, nasoma maandishi ya chini ambayo aliyetafsiri sijui alikua ana haraka ya kwenda wapi. Nilichotoka nacho ni mapigano tu. Dada anapotea hewani ukimwangalia kwasababu amevaa kitu kinachopitisha mwanga, anampiga mtu kwenye maji ya kina kifupi na yule mtu haoni nani anampiga, afu mwishoni anapambana na kifaru cha chuma chenye miguu kama buibui. Kesho yake nikawasimulia wana shuleni mapigano hayo tu. Yale maongezi marefu katikati nilikua nayapeleka mbele na rimoti.

Juzi hapa nikairudia, safari hii peke yangu, laptopu mapajani, umri umeenda, na nikuambie ukweli yale maongezi niliyokua nayaruka ndo movi yenyewe. Mapigano ni mapumziko tu.

Kwa ambao hamjaiona: ilitoka Japani Novemba 1995, imeongozwa na Mamoru Oshii kutoka kwenye manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya Masamune Shirow, studio ni Production I.G, na inachukua dakika 82 tu. Dakika 82! Siku hizi hata movi ya mtu kutafuta mbwa wake inaenda saa mbili na nusu. Mambo yanatokea mwaka 2029, ambao 2006 ulikua mbali kama kiyama na saivi uko hapo mlangoni. Watu wengi wameweka vifaa mwilini, wengine ni ubongo tu ndo umebaki wa asili na wenyewe umeunganishwa kwenye mtandao. Meja Motoko Kusanagi anafanya kazi kitengo cha usalama kinaitwa Kitengo cha Tisa, na mwili wake wote ni wa kiwandani. Wanamsaka mdukuzi ambaye hadukui kompyuta, anadukua watu. Wanamwita Mchezesha Vibaraka.

Ila kabla sijafika huko kuna scene inabidi niitaje maana safari hii ilinisimamisha kabisa. Kusanagi ana mchezo wa kwenda kupiga mbizi baharini. Mtu mwenye mwili wa chuma anazamia! Yale maboya yake yakigoma anaenda chini kama nanga. Akipanda juu anakaa kwenye boti na mwenzake Batou, wanakunywa bia, jua limezama, mji unawaka taa kule mbele, na ndo anaongea jambo ambalo 2006 nililipita na rimoti. Anasema kama wataamua kuacha kazi ni ruksa, ila watarudisha mwili na ule ubongo ulioongezewa vifaa, vyote ni mali ya serikali. Ukishavirudisha hivyo, wewe unabaki na nini? Sio kingi.

Nikasimamisha movi. Sababu ni hii.

Mwezi uliopita simu yangu ilijifunga. Haikuharibika, ilijifunga yenyewe, kwasababu ni simu ya mkopo, hizi za kulipa kidogo kidogo, na mimi nilichelewa rejesho siku moja, ilikua Ijumaa jioni, mshahara bado, nikasema nitalipa Jumatatu bwana kwani nakimbilia wapi. Saa mbili usiku kioo kikawa na ujumbe mmoja tu, lipa kwanza. Laini nikaitoa nikaweka kwenye kitochi, hiyo haikua shida. Shida ni kwamba picha zote za msiba wa bibi ziko mle ndani, na voisi noti zake za mwisho, bibi alikua hajui kuandika meseji kwaiyo alikua anarekodi, anaanza na salamu dakika nzima, anauliza mpaka kuku. Siku tatu kumbukumbu zangu za bibi zilikua za kampuni. Nilipolipa zikarudi. Wala sisemi wamenionea, mkataba niliweka dole gumba mwenyewe, ila ukishaonja hicho kitu afu ukamsikia yule dada kwenye boti na bia yake anasema mwili sio wangu na nikiacha kazi naurudisha, huyo dada haongelei mambo ya 2029 tena.

Nadhani ndo maana nilivyokua mdogo sikuielewa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hana cha kunyang'anywa. Unaenda kuelewa movi hii ukishakua na marejesho.

Sasa turudi kwa vibaraka. Kuna jamaa mmoja humo ni mzoa taka, anaendesha gari la taka na patna wake, na kila wakipita kwenye simu ya umma anashuka anachomeka kifaa. Anamwambia patna wake kwamba mkewe anataka talaka na haruhusiwi kumuona binti yake, kwaiyo kuna mtu alikutana naye baa kampa programu ya kuingia kwenye mawazo ya mke ajue anawaza nini. Ana picha ya mtoto, anaisifia kwa mwenzake, tabasamu kama la malaika. Wanakamatwa. Na kwenye chumba cha mahojiano wanamwambia taratibu kwamba huna mke, hujawahi kuwa na mtoto, unaishi peke yako kwenye kachumba miaka kumi, hiyo ndoa yote umewekewa kichwani ili utumike. Anaambiwa aitazame ile picha vizuri. Yuko yeye mwenyewe na mbwa.

Jamaa analia, anauliza je mnaweza kuzitoa hizi kumbukumbu, wanamjibu mpaka sasa hakuna namna ya uhakika ya kuzitoa. Basi. Movi inaendelea na safari yake, haturudi kwake tena, hamna muziki wa huzuni wala nini. Yule baba ataishi na uchungu wa mtoto ambaye hajawahi kuwepo. 2006 nilicheka, wallahi nilicheka, niliona jamaa fala tu kapigwa. Safari hii nina binti wa miaka minne amelala chumba cha pili, nikaenda kumchungulia. Nilijiambia naenda kuangalia chandarua.

Na usione kama ni mambo ya mbali. Huyu mzoa taka hajui kama anatumika, na hiyo sisi tunaijua vizuri tu. Hapa Tanzania tulivyoanza kusajili laini kwa alama za vidole, ukibonyeza *106# unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kuna watu wamekuta namba ambazo hawajawahi hata kuziota. Maana yake kuna mwingine huko anatembea na jina lako, anatuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na kwenye mfumo ni wewe. Wewe ni mzoa taka, hujui tu.

Kitu kingine niligundua ni lugha. Ile "ghost" ya kwenye jina ndo kitu kinachomfanya mtu awe mtu hata kama mwili wote ni wa kununua, na kwa Kiswahili nimekaa nikajaribu nikashindwa kuchagua. Mzuka? Hapana, mzuka ni wa kukutoa mbio usiku, au wa vijana kwenye shoo. Pepo ndo kabisa, utaitiwa watu wa maombi. Roho inakaribia, ila kwetu roho ina mambo mengi, kuna roho mbaya, kuna kukata roho, kuna roho kutaka chipsi. Nafsi labda ndo yenyewe. Ila kwenye "shell" hapo hatuna shida, ni gamba, na movi nzima kumbe ni habari ya kujivua gamba, ingawa hilo neno kwa Mtanzania aliyekua anafuatilia siasa za CCM na kauli yao ya kujivua gamba mwaka 2011 linaleta kicheko na sio falsafa.

Halafu kuna zile dakika kama tatu za katikati hamna mtu anaongea. Kusanagi yuko kwenye boti ya mfereji anapita mjini, mvua inaanza, watoto wanakimbia na miamvuli ya njano, midoli ya nguo imesimama kwenye vioo vya maduka, anainua macho anaona mwanamke kwenye dirisha ana sura ile ile kama yake, mwili wa toleo moja. Ndege kubwa inapita juu ya maghorofa karibu iyaguse. Mji waliuchora kwa kuiangalia Hong Kong ya enzi zile uwanja wa ndege ulikua katikati ya watu. Mimi ni wa Kiwalani bwana, nimekua ndege zinapita juu ya bati mpaka unasitisha sentensi unaisubiri ipite ndo unamalizia, kwaiyo hiyo picha hakuna mtu wa kunielezea. Na muziki wa Kenji Kawai hapo, ile kwaya ya akina mama wanaimba wimbo wa harusi kwa Kijapani cha kale na ngoma nzito chini yake. Wimbo wa harusi! Na harusi kweli inakuja, mwishoni, ila sio ya kawaida.

Maana yule Mchezesha Vibaraka kumbe sio mtu. Ni programu ya ujasusi, Mradi 2501, iliyotengenezwa na watu wa serikali hiyo hiyo, ikazunguka kwenye mitandao mpaka ikajitambua, na ikikamatwa inaomba hifadhi ya kisiasa kama mkimbizi. Wanaiambia wewe ni programu tu, inawajibu kwamba hata vinasaba vyenu ni programu ya kujihifadhi. Inachotaka ni kuungana na Kusanagi. Inasema inaweza kujinakili mara elfu ila nakala sio mtoto, kirusi kimoja kinamaliza zote. Inataka kuzaa na inataka kufa, kama sisi. Saivi kila mtu anaongea na akili mnemba kwenye simu, hii sehemu inasikika tofauti kabisa na ilivyosikika 2006, ingawa mimi sio wa kusema mashine zina nafsi, ninachoona ni kwamba Oshii hakuuliza kama mashine itatuua, aliuliza kama itatuomba kitambulisho.

Ina kasoro, tusidanganyane. Watu wanaongea kama wanasoma hotuba ya mahafali, wanasiasa wa humo sikuweza kuwatofautisha hata safari hii, na ile mambo ya dada kuwa uchi kila mara, mama mdogo hakukosea sana. Pia angalia unaipata ipi, kuna toleo la 2008 limewekewa michoro ya kompyuta mwanzoni na rangi imegeuzwa ya chungwa, liache, tafuta la zamani lenye ukijani wake. Ukijani huo na namba zinazoshuka kwenye kioo ndo walivutiwa nao waliotengeneza The Matrix.

Kule kwenye boti ya Kusanagi na Batou kuna sauti inanong'ona ghafla na wote wawili wanaisikia. Niliposoma yale maandishi ya chini safari hii nikaijua, ni Wakorintho wa kwanza 13, "tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo", andiko ambalo kwetu linasomwa karibu kila harusi.

Kusanagi anapojaribu kufungua mfuniko wa kifaru kwa mikono, mwili wake unachanika, misuli inakatika mmoja mmoja mpaka mkono unang'oka, na hauachii. Ni mwili wa serikali, auchane tu. Baada ya kuungana na yule 2501 wadunguaji wanawafyatulia risasi, Batou anaokoa ubongo wake, na mara ya mwisho tunamuona amekaa kwenye kiti nyumbani kwa Batou akiwa mwili wa mtoto wa kike. Batou anajitetea, ndo ulikua unapatikana haraka haraka, kaununua kwa magendo.

Nimeirudisha nyuma hiyo sehemu mara tatu. Yaani movi nzima, mwili wa kwanza ambao huyu dada hadaiwi na mtu ni mwili wa magendo, tena wa mtoto. Anasimama juu pale anauangalia mji anajiuliza aende wapi, mtandao ni mkubwa. Afu ikaisha, na simu ikatetemeka pembeni yangu, ujumbe: rejesho lako ni kesho. Zimebaki wiki 11.