Omba saa zipunguzwe, na mshahara ukatwe

Jibu ambalo mfanyakazi anayetaka kusoma hulipokea kwa furaha kuliko yote ni hili: "Hamna shida, we uwe unatoka tu mapema, tutaelewana." Mshahara haukatwi, barua haiandikwi, kila mtu anacheka. Kwangu mimi jibu hilo ni baya kuliko kukataliwa. Aliyekataliwa ataanza kutafuta chuo cha wikiendi, au kazi nyingine. Aliyeambiwa "tutaelewana" analipa ada ya muhula, halafu mwisho wa mwezi, mahesabu yanapofungwa, anaombwa abaki "leo tu", na hiyo leo ndiyo siku ya jaribio darasani. Baadaye bosi anahamishiwa tawi la Mwanza, anakuja mwingine, anauliza: "Nani alikuruhusu kutoka saa tisa?" Bila karatasi, ruhusa imeshakuwa utoro.

Nilisoma jioni nikiwa mhasibu msaidizi hapa Dar es Salaam, na sasa maombi ya vijana wa idara yetu hupitia mezani kwangu kabla ya kwenda kwa afisa utumishi. Ushauri ninaowapa huwa hauwapendezi: omba saa zipunguzwe rasmi, na useme wewe mwenyewe kwamba mshahara ukatwe kulingana na saa hizo.

"Dada, yaani nijikate mwenyewe?" mmoja aliniuliza. Ndiyo. Ukilipwa mshahara kamili huku unatoka mapema, saa hizo ni za bosi bado, na anaweza kuzidai siku yoyote akikwama. Wenzako nao wanaona. Wanabaki hadi saa kumi na moja kumalizia ankara zako, wanalipwa sawa na wewe, na siku ukikosea kitu kidogo hakuna atakayekutetea. Ukikatwa, simu ikiita uko darasani huna deni la mtu.

Sheria haikuzuii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na watu wengi, mabosi wakiwemo, huisoma kana kwamba kila mwajiriwa lazima azitimize. Saa 45 ni kikomo cha juu cha saa za kawaida. Chini ya hapo mwaweza kukubaliana 40, 36, hata 20. Na masharti ya kazi yakibadilika, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ashauriane nawe, arekebishe maelezo ya ajira yako na akujulishe kwa maandishi. Kwa hiyo ukiomba karatasi huonyeshi kutomwamini mtu.

Ipo pia njia ya kubana wiki: kwa makubaliano ya maandishi unaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani yake, bila kulipwa saa za ziada, mradi wiki isizidi siku tano na saa 45. Kwenye karatasi inavutia, siku nne unamaliza. Kwa anayekaa karibu na ofisi, sawa. Kwa anayetoka Chanika au Kibaha, ukijumlisha na foleni, hiyo siku ya tano ataitumia kulala.

Sasa maumivu. Chukua mshahara wa shilingi 900,000. Ukishuka kutoka saa 45 hadi 36, unabaki na 720,000 kabla ya makato. Mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 unashuka kutoka 90,000 hadi 72,000, na wa mwajiri vivyo hivyo. Rejesho la mkopo wa benki halishuki hata shilingi. Kiinua mgongo nacho hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo kampuni ikipunguza wafanyakazi na ukaachishwa katikati ya masomo, utahesabiwa kwa ule mdogo. Ndiyo maana barua isiyo na tarehe ya mwisho ni ya hatari. Andika: "kuanzia Novemba 1 hadi Julai 31, kisha nirudi kwenye saa 45 na mshahara wangu wa awali."

Kwa anayelipwa kima cha chini ushauri huu haufai, na nisijidai unafaa. Huyo hana asilimia 20 ya kuachia. Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa, kilianzishwa kwa ajili ya watu kama yeye, na anachohitaji kwa mwajiri ni siku za mitihani, si saa za kila wiki. Mtumishi wa umma naye ana njia yake, ya ruhusa ya masomo kupitia mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, asiiruke.

Barua nyingi zinazonifikia huzungumzia ndoto za mwombaji. Nazielewa, lakini meneja anawaza kitu kimoja tu: Jumanne mchana nani atakaa kaunta? Taja siku zako, ambatisha ratiba ya chuo, andika kazi zipi utamwachia nani (na uwe umeshaongea naye), useme mwisho wa mwezi utakuwepo.

Ningetamani sheria yetu iende mbali zaidi. Tanzania imeridhia Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, ila katika sekta binafsi wanaokaa mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ya Mei na Novemba bado huchota kwenye siku zao 28 za likizo ya mwaka. Mimi ningeanza na kilichopo Ujerumani: tangu 2019, katika kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 45, mtu anaweza kupunguza saa kwa kipindi maalumu akiwa na haki ya kurudi kwenye saa zake za zamani. Mwajiri wa namna hiyo halipi senti ya ziada, na mfanyakazi haachwi na nusu ajira akishamaliza chuo.

Hadi hapo, haki hiyo ya kurudi utaiandika mwenyewe. Peleka barua Agosti, kabla bajeti ya mishahara haijabanwa, na usilipe ada mpaka nakala yenye sahihi na mhuri iwe mkononi.