Siku za ED na simu kwa bosi wa zamani

Mtu aliyeugua muda mrefu akiwa kazini, akaanza kutafuta kazi kwingine, mara nyingi haogopi usaili. Anaogopa ile sehemu ya mwisho ya wasifu inayotaka majina matatu ya wadhamini. Lazima bosi awemo, atapigiwa simu, na ataulizwa kuhusu mahudhurio. Wewe ulilazwa, ukarudi, ukafanyiwa upasuaji, ukapewa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi kwa ugonjwa) ya wiki mbili, kisha nyingine. Sasa habari zote hizo ziko mdomoni mwa mtu ambaye pengine hata hamkuagana vizuri.

Hofu hiyo ina msingi. Nadhani tu wengi wanaielekeza kusiko.

Kwenye karatasi mambo yako wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Ni haki kama likizo ya mwaka ilivyo haki, na sijawahi kusikia mtu akinyimwa kazi kwa sababu kule alikotoka alikuwa akimaliza siku zake zote 28 za likizo. Ukiondoka, mwajiri anapaswa kukupa cheti cha utumishi. Kenya wamekwenda mbali zaidi: Sheria ya Ajira ya 2007 inataja yanayoingia kwenye cheti hicho, yaani majina, tarehe za kuanza na kuacha, aina ya kazi na mahali pake, kisha inasema mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wako. Siku ulizougua hazimo.

Kwenye simu mambo ni mengine. "Kazi anaijua, sina shida naye kabisa. Ila alikuwa anaumwaumwa." Upande wa pili kimya kidogo, halafu: "Ahaa. Sawa mkuu, nashukuru." Basi, imeisha hiyo. Mkuu hakusema uongo, na huenda alidhani anakuonea huruma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazitakiwi kutumiwa bila ridhaa ya mhusika kwa maandishi. Kenya nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti katika sheria yake ya 2019. Lakini utalalamikia vipi simu ambayo hukuisikia?

Waajiri nao wana lao. Duka la dawa lenye wahudumu watatu, mmoja akikosekana siku kumi, wawili waliobaki wanakosa mapumziko, na mwenye duka anamlipa aliye kitandani pamoja na anayemshikia zamu. Kampuni ya mabasi inayomkabidhi dereva abiria kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam haiwezi kulaumiwa ikitaka kujua kama ana kifafa. Na tusijifanye hatuzijui ED za Jumatatu, wala zile zinazoandikwa bila mgonjwa kupimwa hata presha. Ofisa utumishi aliyewahi kuajiri mtu wa namna hiyo anauliza kwa sababu ameshaungua.

Ninachokikataa katika hoja yao ni kuweka fungu moja mambo mawili yasiyofanana. Utoro ni suala la nidhamu: kuna onyo kwenye faili, kuna kikao, na mdhamini akiulizwa anaweza kusema hivyo bila kumumunya maneno. Ugonjwa wenye cheti cha daktari si utoro. Mtu aliyevunjika mguu kwa bodaboda akakaa nyumbani miezi miwili hajakuonyesha lolote kuhusu mwaka ujao. Ikiwa kazi inadai afya ya aina fulani, kama hiyo ya udereva, daktari ndiye wa kumpima mwombaji kwa ajili ya kazi hiyo. Bosi wa zamani alichonacho ni hesabu ya siku tu.

Mdhamini afanyeje basi akiulizwa waziwazi? Anaweza kujibu, "Ya afya muulize mwenyewe, ya kazi nitakwambia." Jibu hilo ni la haki, ila ofisa mzoefu atalisoma vilevile. Ndiyo maana baadhi ya kampuni kubwa zimeamua kuthibitisha cheo na tarehe tu, kwa kila aliyeondoka. Anayeumia hapo ni mchapakazi anayehitaji kusifiwa. Hata hivyo, kama ni lazima nichague, nachagua hasara hiyo. Wasifu na usaili vinaweza kumtetea mchapakazi, lakini hakuna kinachomtetea mtu asiyejua ameshasemwa.

Hata hivyo, simu hiyo siyo ambayo ingeninyima usingizi. Kwa sheria hiyohiyo ya Tanzania ya 2004, kwa kawaida mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana likizo yenye malipo, ya ugonjwa ikiwamo, na vifungu vya kumlinda asiachishwe kazi isivyo haki havimhusu. Kenya likizo ya ugonjwa huanza baada ya miezi miwili, na kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Mwenye selimundu, au anayehudhuria kliniki ya saratani Ocean Road kila mwezi, akihama anaziacha siku alizobakiza na kuanza sifuri, tena mbele ya watu wasiomjua. Bosi wa zamani angemsifu kama malaika, likimkuta la kumkuta mwezi wa tatu sifa hizo hazitamlipa mshahara.

Kwa hiyo mwenye ugonjwa uliokwisha, akapona, sioni kwa nini autangaze. Mwenye ugonjwa unaoendelea namshauri aseme mwenyewe, barua ya ajira ikishatoka na kabla hajasaini, akiwa na maswali yake mkononi: bima inaanza lini, nikiugua ndani ya miezi sita ya mwanzo nalipwa, siku ya kliniki inahesabiwaje? Sheria imeweka kiwango cha chini. Mkataba unaweza kutoa zaidi. Majibu yaingie kwenye mkataba, au angalau kwenye barua pepe, maana huyo aliyekuahidi kwa mdomo huenda naye ameshatuma maombi kwingine.