Kuku wa Kisauni kwa Ilimu ya Riyadh

Shemeji yangu, aliyekuwa dereva wa familia moja huko Riyadh kwa miaka mingi, alirudi kwetu Kisauni, Mombasa, na sanduku la zawadi pamoja na imani isiyotikisika kwamba sisi watu wa pwani hatujui joto ni nini. Kule, alisema, kiangazi hupita nyuzi 45, na bado tajiri wake alifuga kuku uani wakataga. Sisi kwa nyuzi zetu 33 twalia. Basi alipowaona kuku wangu mwezi wa Machi, kaskazi imekatika na masika hayajaingia, wakiwa midomo wazi na mbawa wamezitenga na mbavu, alitikisa kichwa kwa huruma ambayo mimi sikuwa na fungu ndani yake.

"Shemeji, hawa wanakufa."

Hawakuwa wakifa. Kuku hatoki jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 41 na ushei, naye likimzidi hulipunguza kwa kuhema, kupanua mbawa na kupeleka damu kwenye upanga wake wa kichwani. Kuku wangu, ambao ni mchanganyiko wa kienyeji na kuchi, wameifanya kazi hiyo kila mwaka chini ya mwembe bila kumwomba mtu msaada. Lakini mtu aliyetoka Arabuni hazuiliki, hasa ikiwa dada yake ndiye mwenye ufunguo wa jikoni kwako.

Alianza na tikiti maji lililolala kwenye friji, ambalo kunguru wa mtaa walilimaliza wakati kuku wenyewe wangali wanalizunguka kwa mashaka. Kisha akatoa sandukuni mpira mwembamba wenye vichwa vidogo vya kunyunyiza maji kama ukungu, akautandaza chini ya mabati ya banda na kuufungua. Maji ya mfereji hututembelea kwa siku zake, kwa hiyo mvua ile ya shemeji nilikuwa nikiinunua kwa mtungi, kutoka kwa kijana wa mkokoteni ambaye hajawahi kunisalimia kwa heshima kama wiki ile.

Huko Riyadh jambo hili lina maana. Hewa ya jangwani ni kavu, tone hukauka kabla halijagusa unyoya, na likikauka huondoka na joto. Hewa ya Kisauni imeshashiba bahari na haina pa kuyaweka maji mengine, kwa hiyo ukungu wote uliwashukia kuku, ukaloweka maranda sakafuni, na harufu ya mbolea ikapanda ikichoma macho. Kuku, manyoya yamewaganda mwilini, wakahema maradufu bila faida, kwani kuhema nako ni kukausha maji, na hewa ile haikuwa ikipokea.

"Vichwa ni vichache," alisema shemeji, akafungua mlango wa banda ili aongeze vingine.

Alasiri hiyo sebule yangu ilikuwa imejaa wazee waliokuja kumposa mpwa wangu. Kahawa chungu ilikuwa imemiminwa, halua imekatwa, na msemaji wao, mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama, alikuwa ameanza ile safari ndefu ya maneno ambayo mtu huzunguka bustani nzima kabla ya kulitaja ua. Hapo jogoo aliingia. Aliipita miguu ya wazee mmoja baada ya mwingine, akafika mbele ya feni ya kusimama, akafungua mbawa zake zote mbili, akajikung'uta. Sitaeleza kilichoipata kanzu. Mitetea nayo ilifuata kwa mstari, ikalala kifudifudi kwenye saruji ya baridi, mmoja akichagua kiatu cha imamu.

Msemaji alijifuta uso, akajikaza, akamalizia: "… na ua hilo ndilo tulilokuja kuliomba."

Jogoo akawika.

"Alhamdulillahi," akasema msemaji. "Tumeshajibiwa."

Ami yake bwana harusi, mzee wa Likoni aliyefuga kuchi tangu ujana, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimnyanyua jogoo, akampapasa kifuani, akauliza ni nani amewaosha kuku hawa. Shemeji alimweleza habari za Riyadh tangu mwanzo, na mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mwanangu, kule mlikuwa mwawapoza. Hapa mwawachemsha."

Kisha, posa ikingoja, alitoa maagizo: maji yafungwe, maranda yatolewe yote, banda litobolewe pande mbili upepo upite, makuti yatandikwe juu ya mabati, maji ya kunywa yawekwe kivulini, na chakula kitolewe alfajiri na magharibi, maana kuku akisaga chakula saa nane ya mchana huongeza moto tumboni. Aliyasema haya yote akiwa na jogoo mapajani, naye jogoo hakuonyesha nia ya kushuka.

Posa ilikubaliwa. Mzee aliniomba jogoo, nikampa, na waliondoka pamoja kwa tuktuk kuelekea kivukoni. Shemeji aliifuata ile tuktuk mpaka kona ya mtaa, akimsihi mzee asisahau kumnyunyizia maji.