Kanuni za usonji zisiandikwe bila sisi wazazi

Nyumbani Mombasa wengi wanaamini kwamba mtoto mwenye usonji (autism) hutunzwa vizuri Uingereza kwa sababu serikali ya huku ina pesa. Pesa zipo, sikatai. Lakini namlea mwanangu mwenye usonji huku, na kila nikichunguza huduma anayoipata naikuta imepiganiwa na wazazi, mara nyingi kabla mimi sijapanda ndege. Nayasema haya sasa kwa sababu Kenya ina sheria mpya ya watu wenye ulemavu, na kanuni za kuitekeleza ndizo zitakazoamua kama mtoto wa Likoni au Kisauni ataonja chochote.

Mwaka 1962 kikundi cha wazazi mjini London kilianzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Mmoja wao, Lorna Wing, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na pia mama wa binti mwenye usonji. Wakati huo watoto wengi wa aina hiyo walihesabiwa kuwa hawafundishiki. Wazazi hawakungoja: kufikia 1965 walishafungua shule yao wenyewe. Sheria iliyowapa watoto wote wenye ulemavu nchini England haki ya kusoma ilipitishwa 1970. Shule ya wazazi ilitangulia, bunge likafuata.

Watoto wale walikua, na wazazi wakaanza kujiuliza nani atawaangalia watoto hao, wazazi wenyewe wakishazikwa. Kilio hicho ndicho kilichozaa sheria ya usonji ya 2009, iliyowasilishwa na mbunge Cheryl Gillan kama mswada binafsi. Ni sheria fupi, lakini inailazimisha serikali kuwa na mkakati wa kuwahudumia watu wazima wenye usonji. Halafu kuna Paula McGowan. Mwanawe Oliver alifariki 2016, akiwa na umri wa miaka 18, baada ya kupewa hospitalini dawa ambayo yeye na wazazi wake walishasema asipewe. Mama huyo alikusanya sahihi, bunge likalijadili ombi lake 2018, na tangu sheria ya afya ya 2022 watoa huduma za afya na ustawi nchini England wanalazimika kuwafunza wafanyakazi wao kuhusu usonji na ulemavu wa kujifunza. Mafunzo hayo yana jina la Oliver. Ningetamani kila mhudumu wa zahanati kwetu ayapate.

Faida ya sheria iliyopitia mikononi mwa wazazi niliiona kwenye karatasi za mwanangu. Sheria ya England ya 2014 kuhusu watoto na familia inaipa halmashauri ya eneo unaloishi wiki 20, tangu ombi lipokelewe, kukamilisha mpango wa mtoto anayehitaji msaada wa ziada, na mpango huo unaweza kuendelea hadi kijana afike miaka 25. Sehemu A ni maneno ya mtoto na mzazi. Sehemu F ndiyo yenye uzito: msaada wa masomo ulioandikwa humo lazima utolewe. Rasimu yetu ilipokuja, ilisema mwanangu atapata nafasi ya kuonana na mtaalamu wa matamshi inapofaa. Mama mmoja wa kikundi chetu cha wazazi aliniketisha jikoni kwake, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya "inapofaa". Akaniuliza: dakika ngapi, kila baada ya muda gani, na nani? Tukaandika dakika 45 kila wiki, na mtaalamu aliyesajiliwa. Halmashauri ikakubali 30. Lakini dakika hizo 30 ni haki yake, na zisipotolewa najua pa kwenda.

Huku nako si peponi. Kungoja mtoto apimwe kunaweza kuchukua miaka. Wazazi wanaofika mbele ya jopo la rufaa hushinda mara nyingi sana, na jambo hilo linanisikitisha kuliko kunifurahisha: maana yake watu wananyimwa haki iliyo wazi, wanaipata kwa kushtaki tu. Mhamiaji mwenzangu asiyemudu Kiingereza cha barua za kisheria hafiki huko kabisa. Tena serikali imekuwa ikizungumzia kuubadilisha mfumo huu, na wazazi wamerudi tena mlangoni mwa bunge.

Sasa tutazame kwetu. Mei 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Katiba ya 2010, Kifungu cha 118, inalitaka bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea bunge ombi. Uingereza haina katiba iliyoandikwa namna hiyo. Kwa maandishi tumewapita.

Shida ni ukumbi wa kutolea maoni. Tangazo hutoka gazetini, kikao huwa asubuhi siku ya kazi, na vipaza sauti vinapiga yowe. Dadangu, mtoto wa mama mdogo, ana binti mwenye usonji kule Likoni. Kule kumvusha kwa feri tu tayari ni mtihani: honi, kusukumana, na mtoto anaziba masikio na kukaa chini katikati ya watu. Akifika ukumbini akaanza kulia, vichwa vyote vinageuka kumwangalia mama kana kwamba hajui kulea. Amwache kwa nani? Kwa hiyo habari za binti yake zinasemwa na watu wengine, au hazisemwi.

Vikao hivyo vipelekwe walipo wazazi. Shule ya msingi ya City, Ngara jijini Nairobi, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Wazazi wapo hapo tayari, na watoto wamepazoea. Shule maalum za Pwani zinaweza kutumiwa vivyo hivyo. Maoni ya sauti yaliyotumwa kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, yapokewe sawa na waraka wa wakili. Na kwa kuwa huduma nyingi za afya na elimu ya chekechea ziko chini ya kaunti, bunge la Kaunti ya Mombasa nalo libanwe.

Nikiulizwa kanuni ziseme nini, nitajibu kwa ufupi. Mzazi akimpeleka mtoto kituo cha kutathmini, majibu yatoke ndani ya wiki ngapi. Afisa gani anawajibika kwa cheo chake. Akikataa, rufaa inasikilizwa wapi, bila mzazi kulazimika kupanda basi la Nairobi.

Nakiri tunacho kitu ambacho huku sijakiona. Binti wa dadangu akitoka nje ya ua, vijana wa bodaboda wanamjua kwa jina, wanamrudisha huku wakimwimbia. Mtaani kwangu mwanangu akikimbia barabarani, watu husimama mbali. Hata hivyo nachoka ninapowasikia viongozi wakiusifu ujirani huo kana kwamba ni huduma. Kijana wa bodaboda hawezi kumfundisha mtoto asiyesema kuomba maji kwa kuonyesha picha.

Na sisi wazazi tusijipe nafasi yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unataka wenye ulemavu wenyewe, watoto wakiwamo, washirikishwe katika sheria zinazowahusu. Wapo vijana na watu wazima wenye usonji Kenya wanaoweza kueleza kwa maneno, kwa maandishi au kwa picha kinachowaumiza darasani na hospitalini. Wapewe muda wao kabla yetu.

Mimi na wazazi wenzangu wachache kutoka Pwani tunaoishi huku tumeanza kuandika mapendekezo kwa Kiswahili chepesi. Dadangu atayasoma na kina mama wenzake Likoni, wayakatekate wapendavyo, waongeze yao, kisha yapelekwe bungeni kwa majina yao.