Bata wa mtoni na Bata wa Limuru

Jumamosi iliyopita kwa kinyozi, mtaani Umoja, jamaa aliyekuwa kwenye kiti alitueleza kwa nini viatu vya Bata vinaitwa hivyo: bata hukanyaga maji siku nzima na miguu yake haiozi. Waliokuwa wakingoja zamu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikashindwa kunyamaza.

Bata tunayemfuga jina lake limetoka kwa Waarabu, wanaomwita batt. Bata wa viatu ni jina la ukoo. Mwaka 1894 Tomáš Baťa na ndugu zake, Antonín na Anna, walianzisha biashara ya viatu Zlín, mji ulioko leo Jamhuri ya Cheki. Hiyo t yao ina kialama, na wenyewe huitamka kwa ulaini, karibu na "Batya". Kialama kikapotea njiani, kiwanda kikajengwa Limuru, na sasa ukimwambia Mkenya aliyesoma akivaa Toughees, viatu vya shule vya Bata, kwamba jina hilo si la huku, anakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Raha ya hadithi ya kwa kinyozi naielewa. Sikio likikuta sauti mbili zimefanana, linataka kuzioza papo hapo. Lakini harusi hizo zitaishia wapi? Kwa Kitagalogi cha Ufilipino bata ni mtoto. Kwa Kihispania ni joho la kuvaa nyumbani.

Kiyoruba cha Nigeria ndicho kilinitoa jasho. Kiatu kwao ni bàtà! Hapo hata mimi niliyumba. Kisha nikakuta wana bàtá nyingine, ngoma, na kinachozitenganisha ni toni tu: ya kiatu hukaa chini silabi zote mbili, ya ngoma hupanda mwishoni. Ikiwa Myoruba hachanganyi hizo zake mbili zinazolala nyumba moja, mimi wa Umoja nina haki gani ya kuchanganya ya kwake na ya Zlín?

Yote haya nilimwaga pale, hadi "kula bata" ya Wabongo, isiyo na mchuzi wala kidari, maana ni kustarehe tu. (Shangazi yangu aliposikia binamu zetu wa Dar wanakula bata kila wikendi, alisema kumbe kule kuna pesa.)

Jamaa alinisikiliza huku akipanguswa nywele shingoni. Akainuka, akatazama miguu yake.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini hivi vimepita mvua yote ya Aprili, na havijaoza."