Kadi Nzuri kwa Deki ya Nani?

Mwaka 1993, mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ulipoanza kuuzwa, ndani yake mlikuwa na kadi tano zilizokatwa kwa mkasi mmoja. Kila moja iligharimu mana moja (mana ndiyo sarafu ya kulipia kadi) na kukupa kitu kwa hesabu ya tatu. Ile nyekundu, Lightning Bolt, ilipiga pointi 3. Ya kijani, Giant Growth, ilimwongezea kiumbe wako nguvu 3 (za kupiga) na uimara 3 (wa kustahimili pigo) kwa zamu hiyo. Nyeusi, Dark Ritual, ilikupa mana 3. Nyeupe, Healing Salve, ilikuongezea uhai 3 au ikakukinga na pigo la kiasi hicho. Ya buluu, Ancestral Recall, ilikuruhusu kuvuta kadi 3.

Kwenye karatasi ni ndugu wa tumbo moja. Mezani hawajuani. Leo Ancestral Recall imepigwa marufuku kwenye mfumo wa mashindano uitwao Legacy, na kwenye ule wa Vintage, ambako karibu kila kadi iliyowahi kuchapwa inakubalika, unaruhusiwa nakala moja tu. Healing Salve hakuna aliyewahi kuhangaika kuizuia, kwa sababu hakuna anayehangaika kuitumia. Richard Garfield na wenzake walioutunga mchezo walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo: nne walizichapa kama kadi za kawaida, ile ya buluu wakaifanya adimu. Kwa hiyo hata mezani kwao, tatu ya kadi haikuwa sawa na tatu ya uhai.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wawili, kila mmoja na uhai 20, kila mmoja na deki yake aliyoijenga nyumbani. (Deki hii si ya kupiga sakafuni. Ni rundo la kadi.) Kadi zisipungue 60, na jina moja lisizidi nakala nne, isipokuwa kadi za ardhi za msingi, ambazo ndizo zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine. Zamu moja, ardhi moja. Unaanza na kadi saba mkononi. Tofauti na karata za kibarazani, ambako wote mnagawana rundo moja, hapa nusu ya mchezo imeshachezwa kabla hujakaa kitini.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kadi inapimwaje? Kuna wanaosema namba zipo, zifuate. Siku hizi kuna tovuti ya 17Lands, inayokusanya michezo ya watu wanaocheza kwenye kompyuta kupitia Magic: The Gathering Arena, kisha inaonyesha kwa kila kadi: wachezaji walioishika mkononi walishinda mara ngapi katika mia. Ukiwa unachagua kadi kutoka kwenye pakiti, unafungua jedwali pembeni, unachukua yenye asilimia ya juu. Wengine wanasema jedwali linaua mchezo, tena linadanganya: kadi haina thamani mpaka uijue deki itakamokaa. Mimi niko na wote wawili, ila si kwenye jambo moja, na nitaeleza kwa nini.

Niwape haki yao watu wa namba kwanza, kwa sababu jicho la binadamu kwenye mchezo huu lina rekodi mbaya. Mwaka 1995 ilitoka kadi nyeusi iitwayo Necropotence. Inakunyima ile kadi moja unayovuta kila zamu. Badala yake unaweza kulipa uhai, pointi moja kwa kadi moja, upendavyo, na kadi hizo zinakufikia mkononi mwisho wa zamu. Wengi walisoma mstari wa kwanza wakaishia hapo: mchezo wa kuvuta kadi, halafu kadi inayokuzuia kuvuta? Wakaiweka kapuni. Lakini uhai ukiwa 20 una faida gani kama umeshindwa na 20 zako zote mfukoni? Uhai ni fedha, na Necropotence ilikuwa duka. Kufika kiangazi cha 1996 mashindano yalikuwa yamejaa deki hizo hadi wachezaji wakakipa jina la Kiangazi Cheusi.

Waliotengeneza nao hawakupona. Mwaka 2004 walitoa Skullclamp, kifaa cha mana moja, na mana moja nyingine kukivisha kiumbe. Kilimwongezea aliyevaa nguvu 1 na kumpunguzia uimara 1, na akifa, mwenye kifaa anavuta kadi mbili. Ile "kupunguza 1" iliingizwa kazi ikiwa inaelekea ukingoni, na macho ya haraka yanaisoma kama adhabu. Sasa kivishe kiumbe mdogo mwenye uimara 1. Anakufa papo hapo. Umelipa mana moja, umepata kadi mbili, na bado una kifaa mezani kinamsubiri mwingine. Kilitoka Februari, kikapigwa marufuku kwenye Standard, mfumo wa kadi za karibuni tu, Juni mwaka huohuo.

Kama wenye kiwanda wanaweza kusoma alama ya kujumlisha na ya kutoa wakakosea kiasi hicho, mimi ninayesoma kwenye simu ndani ya daladala ni nani nikatae jedwali? Hoja hii ni nzito na sijaona aliyeijibu vizuri. Jicho linapenda kadi kubwa, joka la mana saba lenye picha ya moto. Linachukia kadi inayodai kitu, uhai, kadi nyingine, kiumbe wako mwenyewe. Namba hazina mapenzi hayo.

Ila namba zina kasoro yake, na ipo ndani kabisa, haiondoki kwa kuongeza michezo.

Chukua Llanowar Elves. Ni kiumbe wa kijani wa mana moja, nguvu 1, uimara 1, na kila zamu anaweza kukutolea mana moja ya kijani. Akitua zamu ya kwanza, zamu ya pili una mana tatu wakati mwenzako ana mbili. Akija zamu ya kumi, una ardhi za kutosha, mpinzani ana majitu mezani, na wewe umevuta kibwengo kisichoweza hata kumzuia mtu kwa zaidi ya pigo moja. Ni kadi mbili katika karatasi moja, na kinachoamua utaipata ipi ni siku ya kuwasili.

Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye balaa hili, alikuwa anachagua kadi kutoka kwenye pakiti siku moja nami nimekaa begani kwake. Mtindo huo wachezaji huuita drafti, si ile ya vizibo vya soda: unachukua kadi moja, pakiti inapita kwa mwingine, na mwisho unajenga deki ya kadi 40. Alikuwa ameshakusanya kijani chake, viumbe wa mana mbili na tatu, hakuna kikubwa. Ikaja Llanowar Elves. Jedwali likasema ichukue, asilimia yake iko juu. Akaichukua, akaacha kiumbe wa mana tano ambaye deki yake ilikuwa inamlilia.

Tupige hesabu yake. Nakala moja ndani ya kadi 40: uwezekano wa kuwa nayo katika saba za kwanza ni asilimia 17.5. Yaani zaidi ya mara nane katika kumi atakutana naye baadaye, au asikutane naye. Na hata siku akija mapema, mana ya ziada inaenda kununua nini? Deki yake iliishia mana tatu. Amenunua pampu wakati hana shamba. Angekuwa na nakala tatu, uwezekano unapanda hadi karibu asilimia 45, na angekuwa na majitu ya mana tano ya kuyawahisha, kadi ileile ingekuwa dhahabu. Jedwali halikusema uongo. Lilikuwa linajibu swali jingine: kadi hii iliwafaa kiasi gani watu walioiweka kwenye deki zao? Deki zao zilikuwa na shamba.

Tovuti hizo zinajitahidi. Zinakutenganishia asilimia ya kadi ikiwa katika mkono wa kwanza na ikivutwa baadaye, unaweza pia kuchuja kwa rangi mbili ulizochagua. Wachache ninaowajua wanafika huko. Wengi wanasoma safu moja, kutoka juu kwenda chini, kama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani.

Kuna kitu kingine kinachonikera zaidi. Namba zikishajulikana na wote, zinaanza kujila. Watu wanane mezani, wote wameona kwamba kijani na nyeupe zinaongoza. Wote wanakimbilia huko. Kila mmoja anaishia na kijani nusu na nyeupe nusu, na yule aliyekubali rangi nyekundu iliyodharauliwa anapitishiwa kadi zake zote kama msiba usio na wageni. Asilimia ya juu ilipatikana wakati meza haijajua.

Mfano wa upande huu ninaoupenda ni wa kadi iitwayo Treasure Cruise, ya mwaka 2014. Kazi yake ni ileile ya Ancestral Recall: vuta kadi 3. Gharama yake iliyoandikwa kwenye kona ni mana nane. Nane! Lakini ina sharti kwamba unaweza kulipia sehemu kwa kuondoa kadi zilizoko kaburini mwako, yaani rundo la zilizokwisha kutumika, kila moja ikihesabika kama mana moja. Ilichapwa kama kadi ya kawaida. Kwenye Standard, ambako kaburi lilijaa polepole, ilikuwa kadi nzuri tu, watu waliishi nayo. Kwenye Modern na Legacy, mifumo inayokubali kadi za zamani zaidi, deki zina uchawi wa mana moja moja na ardhi zinazojitupa zenyewe kaburini baada ya kutumika; huko kaburi linajaa ndani ya zamu chache, na mana nane zinakuwa mbili au moja. Januari 2015 ikapigwa marufuku kwenye mifumo yote miwili, miezi minne hivi baada ya kutoka.

Karatasi moja, wino mmoja. Huku jirani mwema, kule jambazi. Ungeniuliza wiki ile ilipotoka nikupe alama yake kati ya kumi, jibu sahihi lingekuwa kukuuliza: kaburi lako linajaa zamu ya ngapi?

Kwa hiyo kwenye kadi za kazi, viumbe na uchawi, mimi natumia jedwali kama mtu anavyotumia uvumi wa mtaani: nalisikiliza, linanishtua pale lilipotofautiana nami, nairudia kadi niisome tena mstari kwa mstari. Likinishinda, ni kwa sababu nilikuwa sijasoma vizuri. Lisiponishinda, naendelea na deki yangu. Najua hili lina gharama. Asiye na uzoefu akijifanya mbishi kwa jedwali atapoteza mara nyingi, na kwa miezi yake ya kwanza ningemshauri afuate safu kama ilivyo, ajifunze kwa nini baadaye.

Kwenye ardhi, hapana. Hapo sitaki uzoefu wa mtu, wala hisia zake. Ardhi haina muktadha wa kuvutia, ni hesabu ya shule ya sekondari, na ndipo watu wenye akili zao wanapojidanganya zaidi. Kila anayejenga deki anafika mahali ana kadi moja nzuri imebaki nje, na jicho linatua kwenye ardhi ya 17. "Nitoe moja tu." Jina la 17Lands lenyewe linatokana na desturi hiyo, ardhi 17 ndani ya kadi 40.

Hii ndiyo bei ya "moja tu". Unaanza wewe, kwa hiyo zamu ya kwanza huvuti, na kufika zamu ya tatu umeona kadi tisa. Ukiwa na ardhi 17, uwezekano wa kukosa ardhi ya tatu zamu hiyo ni asilimia 15.5. Ukiwa na 16, ni 20. Kutoka chini ya mara moja katika sita hadi mara moja katika tano, umekaa na kadi nzuri mkononi unazitazama kama picha. Ni kweli ardhi 17 zitakufurika siku nyingine, na deki iliyoishia mana tatu inaweza kuishi na 16 bila shida. Lakini huo uwe uamuzi uliohesabiwa, siyo huruma kwa kadi iliyobaki nje. Ndiyo sababu Frank Karsten, mchezaji mashuhuri wa Uholanzi na mwanahesabu, anaheshimiwa na kambi zote mbili: kazi yake maarufu si kusema kadi ipi nzuri, ni majedwali ya unahitaji ardhi ngapi za rangi fulani ili uweze kulipia kadi fulani kwa wakati wake.

Ninayoyasema yana tundu moja, na shemeji hulipitia kila siku. Kama thamani ya kadi inatokana na deki, basi na thamani ya ardhi ya 17 inatokana na deki, nami nimeitenga bila ushahidi zaidi ya tabia zangu. Nilimjibu kwamba hesabu ya kuvuta haibadiliki kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye kadi nyingine. Akanijibu kwamba maumivu ya kukosa ardhi yanabadilika. Hapo ana haki yake.

Deki ile ya Llanowar Elves, nilikuja kuihesabu baadaye usiku nilipomwomba anionyeshe. Ilikuwa na ardhi 15. Kibwengo, alisema, ndiye ardhi ya 16. Alishinda michezo mitatu, akapoteza mitatu, na katika ile sita Llanowar Elves alimwona mara moja, zamu ya nane.