Android ilituambia haina bawabu
Apple hawakumficha mtu kitu. Tangu walipofungua duka lao la programu Julai 2008, masharti kwa mtengeneza programu yanajulikana: dola 99 kila mwaka, kazi yako ikaguliwe, na ukiuza wakate asilimia 30 (tangu 2021 wenye mapato madogo hukatwa 15). Mwaka 2020 Epic Games walichomeka njia yao ya malipo ndani ya mchezo wao wa Fortnite, wakwepe makato hayo. Siku hiyohiyo mchezo ukaondolewa dukani.

Sisi tuliokimbilia Android, mfumo wa simu wa Google, hatukufuata tu unafuu wa kujisajili kwenye duka lao la Play Store kwa dola 25 mara moja. Tulifuata faili la APK, yaani programu nzima ndani ya faili moja unaloweza kumpa mtu bila kupitia duka. Unamaliza kazi usiku, unamrushia mwenye duka la vipuri kwa WhatsApp. Simu inamuuliza kama anaruhusu programu ya kutoka chanzo kisichojulikana, anakubali. Asubuhi anapiga: "Fundi, punguzo halijatoka kwenye jumla." Unarekebisha, unamtumia nyingine kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanza 2010, imesimama juu ya uhuru huohuo.

Agosti 2025 Google wakatangaza kwamba simu za Android walizoziidhinisha zitakataa programu ya mtu asiyejisajili kwao na kuthibitisha jina lake, hata kama haijapitia Play Store. Walipanga kuanza Septemba 2026 Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine kuanzia 2027. Sababu waliyotoa ni utapeli, na siibezi. Watu wanaibiwa kweli kwa programu bandia za benki. Baada ya kelele wakalegeza kidogo: njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu, na akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaotengeneza programu kwa kujifurahisha. Mimi si mwanafunzi, na mteja wangu wa vipuri si mzoefu.

Kuonyesha kitambulisho hakuniumi. Kinachoniuma ni jukwaa kunenepa kwa jasho la watu walioambiwa hapa hakuna bawabu, halafu bawabu analetwa wakati hatuna pa kuhamia. Afadhali Apple, ulijua unaingia wapi.

Na kama shida ni usalama tu, kwa nini uthibitisho ushikwe na kampuni moja? Tovuti hupata cheti chake cha usalama bure kutoka shirika la Let's Encrypt, na watoaji wengine wapo tele. Ukikataliwa na mmoja, unagonga kwa mwingine. Google ikikufungia usajili, utagonga kwa nani?